Khanga Juu ya Laptopu

Laptopu ilipofika nyumbani kwetu Itigi, mke wangu Damari aliizunguka meza, akaitazama kila upande, kisha akauliza sehemu nyingine iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo yote. Akasema basi huko Dodoma wamenipunja, maana kompyuta yetu ya zamani ilikuja na televisheni yake, sanduku lake na kipanya chake cha waya, na hii imekuja na kifuniko tu. Nilicheka, lakini hata mimi dukani nilijiuliza hivyo hivyo.

Siku za kwanza sikutulia. Vitufe vyake vilikuwa laini mno, nikawa sijui kama nimebonyeza au sijabonyeza, nikajikuta neno fupi limejaa herufi zilizojirudia. Badala ya kipanya kulikuwa na kibati cha kupapasa kwa kidole, na vidole vyangu vimezoea jembe na panga, basi mshale ukawa unaruka unakotaka wenyewe. Nilikuwa karibu kuitukana. Lakini jioni moja umeme ulikatika, mji mzima ukawa giza, laptopu ikaendelea kuwaka mezani kana kwamba habari hizo haijazisikia, na hapo nikaipenda. Jambo moja tu lilinitia wasiwasi. Ubavuni ilikuwa na matundu, na ikipewa kazi nzito ilihema kwa kelele na kutoa hewa ya moto. Kijitabu chake kilionya kwamba matundu yasizibwe, kwani joto likizidi itajizima. Nilimsomea Damari ukurasa ule mzima. Mama yake sikumsomea, kwa kuwa alikuwa hajafika bado.

Mimi ni Kefa, katibu wa kikundi chetu cha wafugaji nyuki. Asali yetu inatoka katika vichaka vya Itigi, vile ambavyo mtu akiingia bila panga hatoki na shati. Tangu ushirika ulipokufa na biashara ikafunguliwa, kila mwenye lori alikuwa mnunuzi. Walikuja na ndoo zao, wakapima wenyewe, wakatutajia bei huku injini inanguruma. Ndipo akajitokeza mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam aliyetaka asali safi ya porini, kwa sharti kwamba kila mzinga aujue ulipo, uwe kwenye ramani, na picha yake aione. Mzinga usiokuwa na hivyo, asali yake hana habari nayo. Nikazunguka vichakani misimu miwili na kamera, pamoja na kidude cha satelaiti nilichoazima kwa bwana nyuki wa wilaya, nikaingiza kila kitu kwenye kompyuta yetu ya mezani.

Halafu kompyuta hiyo ikaanza kufa. Innocent, fundi wa Singida Mjini, aliinamisha sikio akaisikiliza inavyogonga tumboni, akasema diski imechoka. Itawaka mara moja, ikibahatika mara mbili. Siku nitakayoiwasha nihamishe vyote kwa mkupuo mmoja, na nisiizime katikati. Ndiyo sababu kikundi kikakubali kununua laptopu. Aliyepinga ni mzee Melkizedeki peke yake. Yeye alitaka mashine ya kukamulia asali, na tangu hapo kila tulipokutana aliniuliza kama laptopu imeshaanza kutaga.

Sasa mizinga yangu. Sikuichonga mimi, aliichonga marehemu baba mkwe na kuitundika vichakani kuelekea Kazikazi. Hakuacha mtoto wa kiume, hivyo mama mkwe akasema mizinga ifuate mume wa Damari, nami nikawa namgawia asali, na ndiyo inayomlisha. Lori likipunja, linampunja yeye. Nilimpelekea ahadi kupitia kwa Damari kwamba msimu huu asali ya mzee itapimwa kwa mizani ya haki. Akajibu kwamba siku wageni wa mnunuzi watakapokuja atapanda treni aje ajionee mwenyewe.

Siku ya wageni ikafika. Asubuhi niliiwasha ile ya zamani nikiwa nimeshika roho mkononi. Ikagonga, ikasita, ikawaka. Nikaiunganisha na laptopu kwa waya, nikaanza kuhamisha. Niliwapanga wenzangu mbele, mimi mwisho, asije mtu akasema katibu kajipendelea. Kwenye kioo vikaratasi vikaanza kuruka kutoka folda moja kwenda nyingine, polepole kiasi cha kumtia mtu wazimu. Agripina, mwakilishi wa mnunuzi, alikuwa ameshapiga simu kutoka Manyoni kwamba wako njiani. Alikumbusha pia kwamba leo ndiyo wanafunga orodha ya msimu, na ambaye hatakuwemo asubiri mwakani.

Niliiacha mashine ikifanya kazi, nikaenda ghalani kwetu kando ya reli kupanga sampuli za asali. Wakati wa kurudi nikakutana na Damari akielekea gulioni kutafuta kuku wa wageni. Akanipa habari kwamba mama amefika. Treni ilichelewa kama kawaida yake, bibi wa watu hakupata usingizi usiku kucha, kwa hiyo amempa chai na kumtandikia godoro chumba cha nje kwenye ubaridi. Chumba cha nje ndicho ofisi yangu. Nikamuuliza vipi mashine. Akaniambia niache woga, mama ameonywa asiiguse.

Kweli hakuigusa. Aliifunika.

Nilisikia kabla sijaona. Nikiwa uani, ile sauti ya kuhema ilikuwa juu kuliko nilivyowahi kuisikia, na hewa ilinuka plastiki ya moto. Upepo ukalivuta pazia la mlango. Kwa jicho moja nikaona laptopu imefunikwa khanga mpya, imevutwa vizuri kila pembe, mwanga ukipenya katikati ya maua. Na kwenye godoro nikamwona mama mkwe amelala, mgongo kwangu, mabega wazi, amebaki na kitenge cha kiunoni tu. Nikageuka haraka nikatazama ukuta wa jikoni.

Nilielewa mara moja. Majumbani kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata viti vina vyao, na vumbi la Itigi halina huruma. Yeye aliona mashine ya mkwewe iko wazi, kitambaa hakukiona, akavua khanga yake mwenyewe akaivika, akalala bila. Alinipa heshima kubwa, na heshima hiyo ilikuwa inaiua mashine mbele yangu.

Asiyetoka kwenye koo zetu atauliza kwa nini sikuingia tu nikaiondoa. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Sijawahi kula naye sahani moja wala kumtazama usoni. Jina lake silitaji, na hapa pia sitalitaja. Maneno yetu hupitia kwa Damari. Chumba alicholala siingii akiwa humo, na nguo iliyotoka mwilini mwake siigusi. Aliyefanya hivyo atatoa mbuzi, na hata akishatoa, mama mkwe hatakanyaga tena nyumba hiyo. Namjua mtu mmoja wa Ikungi ambaye watoto wake wamekua bila kumwona bibi yao, kwa jambo dogo kuliko hili.

Nikakimbia kwa jirani yetu Ritha ili aingie yeye. Kufuli. Nyumba ya pili kufuli. Gulio lilikuwa limewazoa wanawake wote wa mtaa. Nikarudi uani nikakohoa kwa nguvu. Nikaangusha ndoo. Nikaiokota nikaiangusha tena, kwa hasira safari hii, maana nilikuwa nimekasirika kweli, na mbaya zaidi sikuwa na wa kumkasirikia. Mama mkwe sikio moja halisikii vizuri, na bila shaka lile zima ndilo alilolilalia.

Kelele zangu zilimleta mzee Melkizedeki. Alikuwa amewahi kuja kupokea wageni, amevaa koti lake la kanisani. Shikamoo yangu haikukamilika, nikaanza kumweleza. Alisikiliza ile mashine inavyohema ndani, akauliza kama leo ndiyo inataga. Nilimwomba anisamehe, sina muda wa utani. Nikamwambia ikijizima sasa, na ile ya zamani ikikata roho, ramani yote imekwenda, yake ikiwemo. Hapo akaacha kutabasamu.

Alishauri tuzime umeme kwenye mita. Nikamwambia tukizima umeme tunaiua ile ya zamani kwa mikono yetu. Nikasema basi nisimame mlangoni nimwite mama kwa sauti hadi aamke. Mzee akanishika mkono.

"Aamke akukute wewe mlangoni, naye yuko vile?" akasema. "Kefa, utamwua huyu mama kwa aibu."

Tukabaki tumesimama, vidume wawili, tunasikiliza chombo kinavyokufa kwa joto. Sauti ilipanda, ikashuka kidogo, moyo wangu ukashuka nayo, ikapanda tena. Nikafikiri laiti ningekuwa mtu wa mjini asiyejali haya mambo. Kisha nikafikiri mtu huyo asingekuwa na mizinga ya kupoteza.

Ni Melkizedeki aliyeuona ule mti. Ulikuwa umeegemezwa kwenye paa la jikoni, mti mrefu mwembamba wenye ndoano mwishoni, tunaoutumia kushushia mizinga. Aliutazama, akatazama dirisha la chumba cha nje, lenye nondo na wavu uliochanika. Meza yangu ilikuwa hatua chache tu nyuma ya dirisha hilo.

"Mkono wako hautagusa," akasema. "Mti hauna mkwe."

Tulijadiliana kwa kunong'ona kama mahakamani. Je, kukokota khanga ya mkwe kwa mti ni kuishika? Melkizedeki alisema si kuishika, mradi nikishaivuta niiache iangukie sakafuni, Damari ataiokota. Na macho? Macho yasiingie ndani. Nigeuze uso, niongozwe na sauti ya mashine. Yeye angesimama kwenye kona ya nyumba kulinda, na pia ili asione.

Basi nikaupitisha mti kati ya nondo, uso wangu nimeugeuzia barabarani, jasho linanitiririka. Nilikuwa naisikia mashine na sioni chochote. Nikasogeza polepole. Ndoano ikagusa kitu kigumu, nikarudi nyuma. Nikainua kidogo, nikasogeza tena, ikagusa kitu laini. Nikazungusha mti kama tunavyofanya tukiwa chini ya mzinga, nikahisi uzito wa nguo umeshika. Nikaanza kuinua. Sauti ya mashine ikabadilika papo hapo, ikapata pumzi, ikaanza kushuka, na mimi nikashusha pumzi pamoja nayo. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Ndipo pindo la khanga likakikumba kikombe cha chai. Kikaanguka sakafuni kikapasuka.

Wote tunaokaa karibu na reli tunawajua wezi wa dirishani. Huja mchana watu wakiwa gulioni, huingiza fimbo yenye ndoano, na nguo zako unazikuta zinauzwa kwenye mabehewa. Mama mkwe naye anawajua. Alifumbua macho akaona mti unatokea dirishani na khanga yake inapaa juu ya mashine ya mkwewe.

Hakupiga kelele mara moja. Kwanza nilisikia miguu, kisha kishindo, kisha mti ukavutwa kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mama wa umri ule. Niliuachia. Ndani kukasikika vitu vikikokotwa, waya ukichomoka, kitu kizito kikianguka chini ya meza. Baada ya hapo ndipo sauti yake ilipotoka, na nafikiri waliokuwa stesheni waliisikia.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Watu wakaja mbio kutoka upande wa gulio, wengine na fimbo, Damari mbele yao na kuku kwapani. Nilizunguka nyumba nikasimama uani pamoja nao, mikono mitupu. Mama mkwe akatoka mlangoni. Alikuwa ameshajifunga khanga yake vizuri, na kifuani amekumbatia laptopu, nyaya zinaning'inia. Alinisogelea kuliko alivyowahi kunisogelea, akainamisha macho, akasema nami mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Baba, walitaka kuichukua. Sikuwaachia."

Melkizedeki alitokea kwenye kona, akawaambia watu kwamba amewaona wezi wawili wakikimbilia relini, mmoja mrefu. Waliokuwa na fimbo wakakimbia kuwafuata. Mzee huyo ni mshiriki wa kila Jumapili, na alisema hayo bila kupepesa macho. Mimi nikapiga goti kidogo, nikatazama chini.

"Ahsante, mama," nikasema.

Alipoirudisha laptopu mezani na kuondoka na Damari kwenda jikoni, niliingia ofisini. Ile ya zamani ilikuwa chini, waya wake wa umeme umechomoka ukutani. Nikaurudisha, nikabonyeza. Ikagonga tumboni, ikagonga tena, kioo kikabaki cheusi. Nikabonyeza hadi kidole kikauma. Kisha nikaifungua laptopu, bado ya moto, ikawaka bila kinyongo. Nikaangalia folda moja moja. Emilian yumo. Manase yumo. Bonaventura yumo. Melkizedeki yumo, na picha zake zote, hata ile aliyokataa kupigwa. Folda yangu ilikuwepo kwa jina tu. Niliifungua, haikuwa na kitu ndani.

Gari la wageni likapiga honi nje.

Agripina alikuwa mwanamke wa kazi, hakupenda maneno mengi. Tulimweka ofisini mbele ya laptopu, kikundi chote kikajazana nyuma yake. Damari na mama yake wakakaa kwenye mkeka nje ya mlango, pazia limefungwa pembeni ili na wao wasikie. Nilionyesha mizinga ya wenzangu, mmoja baada ya mwingine, ramani na picha. Agripina aliandika, akasifu, akasema hajaona kikundi kilichojipanga namna hii mkoa mzima. Wenzangu wakawa wanapigana vikumbo kwa furaha. Kila nilipobonyeza nilikuwa nakaribia mwisho.

Wa mwisho alikuwa Melkizedeki. Agripina akageuza kalamu, akaniuliza katibu naye mizinga yake iko wapi.

Nilikuwa na maneno tayari. Ningeweza kumweleza kila kitu, kwamba mizinga ipo, imetundikwa kuelekea Kazikazi, picha zilikuwepo hadi leo asubuhi, nimwombe anipe wiki moja nirudi vichakani. Huenda angekubali, sura yake haikuwa ya ukatili. Lakini angeuliza picha zimepoteaje, na wenzangu wangeuliza waya ulichomolewa na nani. Mlangoni, kwa pembe ya jicho langu la kushoto, niliona pindo la ile khanga. Alikuwa amekaa wima, amejivunia, anasubiri kusikia mizinga ya mumewe ikitajwa na watu wa Dar es Salaam. Melkizedeki alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Orodha ndiyo hiyo," nikasema. "Mimi ni katibu tu."

Agripina akapiga mstari chini ya karatasi, akaifunga. Kwa sikio la mama mkwe ilikuwa minong'ono tu ya watu wengi ndani ya chumba kimoja. Wageni wakala kuku, wakashukuru, wakaondoka kabla jua halijapoa. Wenzangu wakaenda ghalani kusherehekea, wakanivuta mkono niende nao, nikawaambia nitafuata.

Nikabaki uani peke yangu. Nilikuwa nahesabu kichwani nitauza wapi asali ya marehemu baba mkwe, na sikupata jibu ila lori. Damari akaja kutoka jikoni akikausha mikono. Alisema mama anataka kuniuliza jambo. Anauliza kama mizinga ya baba wameiona.

Nilimtazama mke wangu. Nadhani alikuwa ameshaingia ofisini, ameona ile ya zamani sakafuni na ule mti wenye ndoano uliolala chini ya dirisha, kwa ndani.

"Mwambie wameiona," nikasema. "Mwambie wameisifu sana."

Damari alitazama dirisha la ofisi. Kisha akageuka, akaenda kumpelekea mama yake jibu langu, na kutoka jikoni nikasikia mama mkwe akicheka kwa furaha.